Kapu Lililorudi Bila Mchanga

Fontanelas, 9 Februari 1977

Mwanangu Felismina,

Kabla hujafika mstari wa pili tafuta kiti ukae, maana anayekuandikia ni mtu ambaye bila yeye divai nyeupe ya Colares ingekuwa imebaki jina tu kwenye chupa za zamani. Sisemi mimi, wanasema watu. Mwaka jana alikuja bwana mmoja kutoka Lisbon, viatu vya ngozi, mchanga umemjaa hadi ndani ya soksi. Akauliza dukani kwa Belmiro: "Nani hapa anaijua zabibu ya malvasia?" Tulikuwa wanaume kumi na mmoja mle ndani. Vidole kumi na kimoja vikanielekea mimi, na changu kikiwamo.

Sisi huku ni wazima. Custódia mke wangu goti linamsumbua kila upepo wa bahari ukigeuka, lakini mdomo wake haujawahi kupata baridi yabisi. Nguruwe tulimchinja Januari, soseji zinaning'inia juu ya moshi. Upepo uliulaza ua wa matete upande wa bahari, na bila ua mizabibu yetu haina pa kujificha, si unajua inavyotambaa mchangani kwa tumbo kama mtu anayemkwepa mdai. Nimeusimamisha ua wote peke yangu, asubuhi moja. (Custódia anasoma begani kwangu. Anasema tulikuwa wanne na ilituchukua siku tatu. Hesabu hakusoma, maskini.)

Kwa msiba wa mama yako, pole sana. Kengele iligongwa hapa, misa ikasomwa. Ermelinda alikuwa shemeji wa maneno machache. Miaka yote aliyokaa Ufaransa hakuniandikia hata mstari mmoja, nami sikumlaumu, mikono yake ilikuwa na kazi.

Sasa tuingie ndani. Umeandika kwamba wewe na mumeo Silvino mnataka kurudi mchimbe kile kipande cha mashariki alichokuachia baba yako, mpande malvasia mpya. Nilisoma nikiwa nimekaa, nikajikuta nimesimama. Watu hapa wanawauzia mchanga wao watu wa mjini wajenge nyumba za kuotea jua, na nyinyi mnataka kuchimba.

Lakini kuchimba kwetu si kuchimba viazi. Mzabibu wetu hauli mchanga, unakula udongo wa mfinyanzi ulio chini ya mchanga, mita tatu, nne, pengine saba. Mtu anashuka huko. Kuta za shimo ni mchanga mtupu, hazina ahadi. Ndiyo maana mchimbaji wa hapa huvaa kapu kichwani, limefunika hadi mabegani, ili ukuta ukimwangukia abaki na pumzi ya kuwangojea wenzake. Na juu, ukingoni, husimama mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kutazama. Akiona ufa, anapiga ukelele, wa chini wanapanda.

Mimi nimewahi kushuka mita tisa. Nilifika mahali nikamsikia samaki akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Umeniuliza kwa upole habari za baba yako Abílio, nami nakujibu kwa upole. Mwaka ule wa 1946 ulikuwa na miaka mitano, huwezi kukumbuka. Kaka yangu alikufa mwanamume, kapu lake kichwani, na aliyemchimbua ni mimi, kwa mikono hii, mpaka kucha zikang'oka. Imetosha hapo.

Njooni. Silvino atashuka, mimi nitasimama ukingoni. Jicho kama hili halijazaliwa tena huku.

Nakutumia chupa moja kwa mkono wa dereva wa basi la Paris. Ni nyeupe, kavu, haina hata punje ya utamu. Zabibu zake ni za kona moja ya shamba, na pipa lake dogo naliweka peke yake. Ile simpi mtu.

Ni mimi baba yako mdogo,
Zeferino


Champigny, 27 Machi 1977

Baba mdogo Zeferino,

Shikamoo, na kwa mama mdogo Custódia pia. Mwambie goti alifunge kwa kitambaa cha sufu kilichopashwa moto, asikusikilize wewe. Sisi tu wazima. Silvino bado yuko kwenye ujenzi, mimi bado nasafisha ngazi za watu. Kumekuwa kimya humu ndani tangu mama aondoke. Mashine yake ya kushonea nimeifunika shuka, lakini kila nikipita naona kama kuna mtu ameinama chini yake.

Chupa ilifika. Tuliifungua baada ya misa ya siku ya thelathini, watu wa kwetu wote walioko mtaa huu walikuwapo. Nilitegemea tutaimba. Hakuna aliyeimba. Ni divai nzuri, baba mdogo, lakini ina chumvi mwishoni, chumvi inayobaki ulimini kama ulikuwa unalia. Silvino akazungusha glasi yake, akasema, "Hii divai ina jambo inalijua na haisemi." Tukamcheka. Baadaye sikucheka.

Maana juzi nilikuwa natoa vitu vya mama juu ya kabati. Ndani ya foronya, imeshonwa mdomo kwa uzi mweusi, nimekuta kapu. Kapu la mchimbaji. Ukingoni lina fito tatu nyekundu, nami nazikumbuka zile fito, baba alizipaka rangi mwenyewe asilichanganye na ya wenzake. Nililitikisa juu ya gazeti. Haikudondoka hata chembe moja.

Wewe unaujua mchanga wa kwetu kuliko mimi. Unaingia kwenye mkate, unaingia kwenye saa. Kapu lililofukiwa na mtu ndani yake lingekuwa bado linatoa mchanga mpaka leo.

Umesema alikufa kapu lake kichwani. Basi hili ni kapu gani?

Mwanao,
Felismina


Fontanelas, 8 Mei 1977

Mwanangu Felismina,

Barua yako ilichelewa, posta siku hizi inapelekwa na konokono. Hatujambo. Custódia kafunga goti kwa sufu kama ulivyosema na sasa anadai amepona, anadai pia kwamba mimi ndiye niliyemwambia asifunge, jambo ambalo halijatokea. Binti wa Belmiro ameposwa na fundi umeme. Mizabibu imeanza kuchanua, na mwaka huu harufu ya maua ya malvasia ilifika mpaka kijiji cha Azenhas do Mar, wakamleta mzee mmoja kwa miguu aje aone inatoka wapi. Inatoka kwangu, nikamwambia.

Habari ya kapu ni nyepesi. Mama yako alikuwa msafi. Alilifua. Wanawake wa wakati ule walifua kila kitu, walifua mpaka kuni. Alilipeleka mtoni, akalisugua, akalianika, mchanga ukaenda zake baharini kwa wazazi wake. Ndiyo hivyo, na mimi nilikuwapo.

Ila kwa kuwa umeitaja ile chumvi, nitakwambia kitu ambacho watu wa hapa wanakijua ila hawakisemi mbele yangu. Ile kona ninayoitunzia pipa lake ndiyo mahali penyewe. Kwetu shimo lililokwisha kuchimbwa halitupwi. Baba yako alipozikwa makaburini, shimo lilikuwa bado liko wazi na udongo mfinyanzi unaonekana chini, mweusi, umelowa, uko tayari. Baba wa Belmiro akasema, "Mtu amelipia hili shimo kwa bei ambayo hatulipi mara mbili." Wakalaza vipandikizi vya malvasia mle mle, wakavifunika kidogo, mwaka wa pili kidogo, mwaka wa tatu mchanga ukafika juu. Ndiyo divai uliyokunywa.

Mimi si mtu wa kuogopa. Nimewahi kulala makaburini kwa kubishana na wenzangu, na marehemu ndio walioomba wahamishwe. Lakini mizabibu ya kona ile ikichanua, upepo ukatulia, adhuhuri, jua la utosi, mtu akipita kando yake husikia sauti kutoka chini, kama ya mtu anayesemea ndani ya kitu kilichosukwa. Si kilio. Ni sauti ya kawaida, ya mtu anayeomba apewe kitu. Sijawahi kukaa kusikiliza ni kitu gani.

Msalimie Silvino. Mwambie divai haijui kitu, ni zabibu.

Baba yako mdogo,
Zeferino


Champigny, 5 Juni 1977

Baba mdogo,

Shikamoo. Sote wazima, huku joto limeanza. Mwambieni binti wa Belmiro nampongeza.

Kapu halikufuliwa. Fito za mwanzi zikifuliwa mtoni huwa kijivu, hili ni la rangi ya asali mpaka leo. Na ndani, pale panapokaa utosi, lina doa la mafuta, duara, kubwa kama kiganja.

Baba alikuwa na upara. Ni jambo lake ninalolikumbuka kuliko yote, nilikuwa nikipiga ngoma kichwani mwake.

Siku tatu kabla hajafariki mama alinishika mkono hospitali. Nilidhani anataka maji. Akasema, "Mwaka wote wa kwanza lilinukia malimau." Nikamuuliza nini kilinukia malimau. Akasema, "Vijana wa wakati ule walijipaka kwenye nywele." Akageukia ukutani. Nilidhani ni homa.

Sikuulizi tena habari ya kapu. Nauliza hili moja tu: siku ile, ukingoni alisimama nani?

Silvino ameshamwambia bwana wake kazini kwamba mwisho wa Oktoba anaacha. Ni mume wangu, baba mdogo, sina mwingine wala sina mtoto. Atashuka kwenye mchanga uleule, na umesema atakayemtazama ni wewe. Kabla hajashuka, nataka kujua.

Felismina


Fontanelas, 11 Septemba 1977

Mwanangu mpenzi Felismina,

Usidhani nimenyamaza. Nilikuandikia Julai barua ndefu, yenye kila kitu, nadhani ilipotea mpakani, walinzi wa Uhispania ni watu wa kupenda kusoma. Halafu kalamu ikaisha wino. Halafu Custódia akateguka mkono. (Anasema hakuteguka mkono. Basi alikaribia kuteguka.)

Harusi ya binti wa Belmiro ilikuwa kubwa, nilicheza mpaka mpiga kodiani akaomba maji. Zabibu zimejaa. Agosti yote tumekuwa tukiinua matawi, unakumbuka kazi hiyo: kila tawi linaegemezwa kwenye kijiti cha tete, kishada kisiguse mchanga kikaungua. Vijiti elfu mbili na mia nne, nimevisimika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mwavuli.

Isipokuwa kona ile. Hili sijamwambia mtu nje ya nyumba hii. Kila mwaka tangu ile malvasia ianze kuzaa, nikifika kona ile nakuta vijiti vimeshasimama. Kila tawi limeinuliwa, kila kishada kinaning'inia kiganja kimoja juu ya mchanga, kazi safi, ya mtu mwenye subira. Si yangu. Abílio alikuwa na mkono wa namna hiyo. Mwaka huu nimevikuta tena. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Custódia, "Amekuja tena."

Akaendelea kumenya viazi. "Nani?"

"Unamjua."

"Mtu akikufanyia kazi, sema asante," akasema. "Hai au mfu."

Sasa sikiliza ushauri wa mtu aliyeona mengi. Kwa nini mchimbe? Siku hizi kuna mashine, inachimba kwa siku moja, haivai kapu, haina mke. Au msichimbe kabisa. Pandeni matufaha, matufaha ya hapa yanasifika, mizizi yake haihitaji kuzimu. Au kaeni huko huko, Ufaransa ni nchi nzuri, nimesikia. Si kwamba mimi siwezi kusimama ukingoni. Mimi naweza kusimama ukingo wa mlima unaotoa moto nikala na mkate. Ila macho, mwanangu, siku hizi kidogo jua linayasumbua.

Kuhusu yule aliyesimama ukingoni siku ile, ni muda mrefu. Watu walikuwa wengi wakipita.

Baba yako mdogo akupendaye,
Zeferino


Champigny, 30 Septemba 1977

Baba mdogo,

Shikamoo. Wazima.

Mashine tumeiuliza. Dereva wake amesema kipande chetu kiko kati ya kuta za mawe na mizabibu mizee, haiingii mpaka avunje. Hatuvunji kuta za baba. Tutachimba kwa jembe na koleo.

Tunaondoka huku tarehe 12 Novemba. Kapu nalileta. Silvino atalivaa yeye.

Anayesimama ukingoni ni wewe, kama ulivyoahidi. Au uniandikie sababu ya kwa nini isiwe wewe. Kuhusu macho usiniambie. Ukiniandikia ukweli, vyovyote ulivyo, nitakuja na kukuamkia. Nikifika bila barua yako, nitakupita mlangoni kama jiwe, na mama mdogo atanisamehe.

Felismina


Fontanelas, 2 Novemba 1977, Siku ya Marehemu

Felismina mwanangu,

Nimetoka makaburini sasa hivi. Tumeosha jiwe la baba yako, Custódia ameweka maua ya manjano, nimewasha mshumaa, upepo ukauzima, nikauwasha, ukauzima, mara sita. Mara ya saba Custódia akasema, "Acha. Hataki mshumaa, anataka barua." Ndipo tukaja nyumbani. Yeye yuko jikoni, na leo hasomi begani kwangu. Amesema niandike peke yangu kama mtu mzima.

Sisi wazima. Divai mpya inachemka mapipani. Nimejaribu kutafuta habari nyingine ya kukuandikia hapa, sina.

Aliyesimama ukingoni ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Tulikuwa watatu kwenye kona ile: Abílio na Joaquim, baba wa Belmiro, wakichimba zamu kwa zamu, na mimi juu. Mimi nilikuwa wa juu siku zote. Mita tisa nilizokwambia ni uongo, na yule samaki ni uongo. Mguu wangu haujawahi kukanyaga chini ya shimo. Mara ya kwanza waliponiambia nishuke nilitapika, Abílio akasema, "Mwacheni mdogo wangu, ana macho mazuri, atatazama." Akanificha hivyo mwaka mzima, mbele ya watu, na hakunicheka hata siku moja.

Sasa mtu wa ukingoni hapewi kapu. Halimhusu. Kijiji kizima kilijua kwamba mwanamume mwenye kapu ni mchimbaji, na asiye na kapu ni mlinzi wa mchanga, kazi ya wazee. Mimi nilikuwa najipaka mafuta ya malimau kwenye nywele, na nimesimama pale juu bila kapu, na njia ya kwenda mtoni inapita papo hapo.

Adhuhuri walipanda wakala mkate na dagaa wa kuchoma. Joaquim akaenda kisimani kujaza maji. Abílio akalala kidogo, kapu pembeni, kisha akaamka akashuka, akilisahau. Ndipo nikasikia wasichana wanarudi mtoni na nguo vichwani. Nikalichukua kapu la kaka yangu nikalivaa. Si kama kofia. Nililivaa kama wachimbaji, mpaka mabegani, nikajipaka mchanga mikononi, nikasimama nimeshika koleo, kana kwamba ndiyo kwanza nimetoka chini.

Abílio akaita kutoka shimoni, sauti yake ya kawaida: "Zefe, nipe kapu langu."

Nikasema, "Ngoja kidogo, wanapita."

Akacheka. Mwanangu, alicheka. Akasema, "Haya. Ukishaoa utanirudishia?"

Wasichana walikuwa wanne. Nikaanza kuwatania, natembea kama jitu, natoa sauti nzito ndani ya fito, "Mimi ni Zeferino wa mita tisa." Ndipo mita tisa zilipozaliwa. Wakacheka, mmoja akaangusha beseni. Kutoka ndani ya kapu unaona mwanga wa vipande vipande tu. Ufa huoni. Sikuuona. Nilisikia kama mtu anayemimina nafaka kwenye gunia, nikageuka, na mahali palipokuwa na shimo palikuwa na bonde dogo, laini, linalong'aa.

Waliomchimbua ni Joaquim na wanaume wa shamba la pili. Kucha zilizong'oka ni za Joaquim, hazikuota vizuri mpaka alipozikwa. Walimpata amesimama, mikono ameizungusha kichwani hivi, alikuwa amejitengenezea kapu la mikono yake.

Mama yako sikumwambia. Alilipokea kapu, akalinusa, akaniangalia nywele. Miaka minane tulikaa kijiji kimoja kabla hamjakwenda Ufaransa, akinipa salamu kila asubuhi, na kila asubuhi akitazama juu ya paji langu la uso. Nikaacha mafuta. Sasa hata nywele zenyewe zimeniacha.

Sauti ya kona ile nilikwambia sijui inaomba nini. Najua. Inasema maneno manne, na si ya kutisha, ni ya mtu anayengojea akiwa na imani kwamba atapewa. Vijiti vya matete si mkono wa Abílio. Leo baada ya makaburi nilimwuliza Custódia, akanijibu bila kugeuka: "Miaka yote hii wewe hukanyagi kona ile, unaizunguka kwa mbali kama mbwa aliyepigwa. Zabibu zingeungua." Ni yeye. Anakwenda alfajiri na goti lake. Na kuvuna kona ile anavuna yeye, na kukamua anakamua yeye. Mimi kazi yangu ni kusema kwamba pipa lile ni langu. Divai uliyokunywa sijawahi kuionja. Kwamba ina chumvi nilijua kutoka kwako.

Kwa hiyo sababu ya kwa nini isiwe mimi ni hiyo. Usiniweke ukingoni. Nitapika, nitachota maji, nitashika punda. Ukingoni mweke Custódia. Ameutazama mchanga ule miaka thelathini na moja bila kupepesa, hakuna atakayemtania akageuza shingo. Na Silvino asishuke hata hatua moja bila kapu kichwani, hata kama kuna nini, hata kama anakwenda chini kuchukua koleo tu. Mwambie nimesema mimi, niliyesomea kitu hicho kimoja maishani.

Ukifika, ukitaka kunipita mlangoni kama jiwe, nipite. Barua umepata.

Nilitaka kuishia hapo. Custódia amekuja akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, akaniuliza kama nimeandika la mwisho. Nikasema lipi. Akasema, "Unalijua." Ni dogo, halibadilishi kitu, ndiyo maana miaka yote limekuwa gumu kulitoa kuliko lile kubwa.

Wale wanaume walipokuwa wanachimba, kwa koleo, kwa mabeseni ya wasichana, kwa mikono, wanaliita jina lake, mimi nilisimama kando na kapu bado kichwani, mpaka mabegani. Sikulivua. Niliogopa wale wasichana wasinione ninalia. Aliyelivua ni mmoja wao, Custódia.

Baba yako mdogo,
Zeferino